Kofia Yenye Vipimo vya Nyonga

Kila siku ya likizo ilianza vilevile. Mama aliketi kwenye cherehani sebuleni, Jaji akaosha vyombo, na kabla hajakausha mikono, wadogo zake walikuwa wameshamzunguka. "Dada, leo tunacheza nini?"

Jaji hakuwa jaji wa kweli. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alibandikwa na Mama kwa sababu ndiye aliyeamua ugomvi wote wa Bonge na Kijiti, pacha wa miaka mitano waliogombana hata juu ya kivuli cha kukaa. Televisheni ilikuwa imeharibika, lakini Jaji hakubabaika. Michezo ya bure ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikunja soksi kuukuu zikawa mpira, akapanga vizibo vya chupa vikawa kete, na boksi kubwa likawa basi lenye kondakta mkali kupita kiasi.

Siku hiyo Mama alitwaa mkoba wake. "Nakwenda kununua vifungo vya zile sare za wauguzi," alisema. "Magazeti ya zamani yamo kwenye boksi, chini ya meza. Watengenezee vitu wachezee. Mkasi ushike wewe tu."

"Sawa, Mama."

Sare hizo zilikuwa sita, kitambaa chake bado hakijakatwa, na zilitakiwa Jumatatu. Wauguzi wenyewe walitoka mbali, wakapimwa mmoja mmoja, wakarudi kwao. Muuguzi mkuu alikuwa amemwambia Mama waziwazi kwamba sare zikiwakaa vizuri, kazi ya kushonea hospitali nzima itakuwa yake. Tangu hapo Mama alikuwa akiimba akishona.

Magazeti ya kwenye boksi yaliisha mapema. Ndege mbili ziliganda juu ya kabati na boti moja ikazama kwenye beseni. "Bado, Dada! Nataka kofia!" alidai Bonge. Jaji akainama chini ya meza, na nyuma ya boksi akaona furushi jingine la magazeti, limefungwa kwa utepe. Yalikuwa yamekatwa kwa maumbo ya ajabu, mengine yamepinda kama bega. Akadhani ni mabaki. Fundo la utepe lilimfanya asite kidogo, maana nani hufunga takataka kwa utepe? Lakini Kijiti alikuwa ameanza kulia, naye akalifungua, akakata na kukunja kofia mbili na boti ya pili.

Mama aliporudi, alifungua mlango akicheka kwa makelele aliyoyasikia. Kicheko kikakatika. Bonge alisimama mbele yake, amepiga saluti, na kofia ya karatasi imemfunika hadi kwenye nyusi. Mama alisogea, akainama, akasoma maandishi ya kalamu yaliyokuwa ubavuni mwa kofia.

"Muuguzi mkuu," alisoma kwa sauti iliyokauka. "Nyonga, mia moja na kumi na mbili."

Mkoba ukamponyoka. Vifungo vyeupe vikatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeinama kuviokota.

Sasa Jaji alielewa. Zile hazikuwa takataka. Zilikuwa pateni, yaani karatasi ambazo Mama huzilaza juu ya kitambaa ili akate kwa kuzifuata. Na Mama hakuwa na mazoea ya daftari. Vipimo vyote aliviandika kwenye karatasi hizohizo.

"Nani kafanya hivi?" Mama aliuliza.

Bonge akavua kofia haraka na kuificha nyuma ya mgongo. Ilikuwa rahisi mno. Bonge alikuwa na kofia, na Bonge ndiye aliyeidai. "Bonge ndiye..." Jaji alianza, na mtoto akamtazama kwa mshangao, macho yamemtoka. Jaji akaishia hapo. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Si Bonge, Mama. Ni mimi. Niliona utepe, nikafungua bila kuuliza. Na kukata nimekata mwenyewe."

Mama alikaa kwenye kiti, mkono kichwani. Mwishowe akasema, "Vipande viko wapi?"

"Vyote vimo humu ndani. Sijatupa hata kimoja."

Hapo ndipo Kijiti, aliyekuwa ametambaa chini ya meza, aliposema, "Huyu mchezaji mpira hana kichwa." Mkononi alishika kipande chenye picha ya mchezaji kuanzia shingoni kushuka chini. Bonge akaitazama kofia yake. "Kichwa ninacho mimi!"

Mama na Jaji wakatazamana. Picha na vichwa vya habari vingewaonyesha kipi kinaungana na kipi! Wote wanne wakaketi sakafuni. Kofia zikakunjuliwa, vipande vikatafutwa hadi uvunguni, na kila kilipoungana na mwenzake, pacha walishangilia kama wamefunga goli, huku Mama akibandika kwa gundi. Kilichokosekana ni mkono mmoja tu wa sare, ule uliokuwa boti ya pili, uliolowa kwenye beseni ukawa uji. Mama akachukua mkono wa pili, akaugeuza, akachora mwingine wa kufanana nao.

"Mwanangu," alisema akikaza utepe upya, "michezo yako ni mizuri, na leo imetuokoa. Ila kitu si cha bure kwa sababu tu kinafanana na takataka. Kina mwenyewe. Muulize kwanza. Na ukikosea, sema kama ulivyosema leo, mapema, kabla hujamtwisha mwingine kosa lako."

"Nilikaribia kumtwisha, Mama."

"Nilisikia," Mama alisema.

Jumatatu muuguzi mkuu alivaa sare yake mbele ya kioo, akajigeuza huku na huku. Ilimkaa barabara. "Fundi, vipimo hivi unavihifadhi wapi?" aliuliza.

Mama akamwonyesha daftari jipya mezani. Bonge akadakia, "Zamani vilikuwa kichwani kwangu!"