Nne Ndogo Iliyofutwa

Kila Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, baba alitandaza gazeti juu ya meza ya sebuleni na kuita, "Penseli! Kazi imefika!" Binti yake hakuhitaji kuitwa mara ya pili. Alikuwa amekwisha kaa kwenye kiti cha kushoto, raba yake ya waridi mkononi, penseli imechomekwa nyuma ya sikio. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Tangu darasa la pili hakuna aliyewahi kumwona bila penseli sikioni, basi nyumbani na shuleni wote walimwita Penseli.

Kazi yenyewe ilikuwa sudoku ya ukurasa wa mwisho: visanduku tisa kwa tisa, vichache vina namba, vingi vitupu. Kila safu ya kulala, kila safu ya kusimama na kila chumba cha visanduku tisa lazima kipate moja hadi tisa, bila namba kurudiwa. Baba alikuwa fundi wa vigae. Wiki nzima alipiga magoti kwenye sakafu za watu akipanga miraba, na ungedhani Jumapili angetaka kuona kitu kingine. Lakini yeye alisema miraba ya gazetini haimuumizi magoti. Meza ilikuwa imesukumwa ukutani, ikabaki nafasi ya viti viwili tu, kimoja cha baba na kimoja cha Penseli. Kwa Penseli, hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote duniani.

Kisha akaja Kimya.

Kimya alikuwa mtoto wa mama mdogo. Mama yake alikwenda mji wa mbali kusomea uuguzi kwa miaka miwili, naye akaletwa kwa mama yake mkubwa na sanduku moja na maneno machache. Alikuwa mdogo kwa Penseli kwa miezi saba, akamwita dada, na wakawekwa darasa moja. Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Penseli alimgawia nusu ya kabati na kumwonyesha njia ya mkato ya kwenda shule.

Jumapili moja baba alikwama. Sudoku ilikuwa ya nyota tano, ngumu kama kokoto. Penseli alikuwa ameandika namba ndogo kwenye pembe za visanduku, zile zinazoweza kukaa humo, na alishatafuta mapacha yake yote: visanduku viwili vya safu moja vyenye namba mbili zilezile, ambavyo huzizuia namba hizo zisikae pengine katika safu hiyo. Mapacha yalikwisha, sudoku haikusogea. Kimya alikuwa amesimama nyuma yao akikausha sahani.

"Baba mkubwa," alisema kwa sauti ndogo, "tazama saba."

"Saba imefanya nini?"

"Safu hii ya kulala, saba ina nafasi mbili tu, hapa na hapa. Na hii ya chini nayo ina mbili tu, na zimekaa chini ya zile za juu kabisa. Ni pembe nne. Saba ya juu ikikaa kushoto, ya chini lazima iende kulia. Ya juu ikikaa kulia, ya chini inakwenda kushoto. Vyovyote vile, safu hizi mbili za kusimama zimeshapata saba zao. Basi saba nyingine zote ndogo zilizomo kwenye safu hizi za kusimama tunazipiga mstari."

Baba alitazama. Akakuna kichwa. Akatazama tena.

"Hebu rudia polepole, mwanangu, umeniacha njiani," alisema. "Penseli, mpishe kidogo mdogo wako akae, anionyeshe vizuri."

Penseli alimpisha. Alisimama nyuma ya kiti chake mwenyewe, ameshika sahani isiyokuwa yake, akamwona baba akicheka na kupiga meza kwa furaha saba zilipoanza kuanguka. Tangu azaliwe, baba hakuwahi kumwambia yeye kwamba amemwacha njiani.

Ule ulikuwa wivu, na ulikua upesi. Kimya akisifiwa kwa kufagia, Penseli aliona uwanja una vumbi bado. Kimya akicheka, Penseli alisikia anachekwa. Na kila Jumapili baba aliuliza, "Kimya yuko wapi? Mwiteni aone hii." Kiti cha kushoto kikawa cha atakayewahi, na mara nyingi Penseli, kwa kununa kwake, hakuwahi.

Ndipo mwalimu wa hisabati, mtu mrefu ambaye viatu vyake vililia kwii-kwii hata kabla hajaonekana, akatangaza mashindano ya sudoku baina ya shule. Kila shule ingepeleka mwanafunzi mmoja. Nyumbani baba alisikia habari hizo akaweka kijiko chini.

"Yeyote kati yenu atakayechaguliwa," alisema, "siku hiyo naweka mwiko wangu wa vigae chini. Nakwenda naye, nakaa mstari wa mbele."

Baba hakuwa mtu wa kuacha kazi hata akiwa na mafua. Penseli alijiona tayari ukumbini, na baba mstari wa mbele akimpungia mkono. Kisha akamwona Kimya kwenye kiti kilekile, na chakula kikamshinda.

Mchujo ulimaliza wengine wote, wakabaki wao wawili. Fumbo la mwisho lilikuwa gumu hata kengele ya Alhamisi ikalia hakuna aliyemaliza. "Mtaendelea kesho," alisema mwalimu. "Kiranja, peleka karatasi zote mbili mezani kwangu."

Kiranja wa darasa alikuwa Penseli.

Kwenye ujia wa kuelekea ofisi ya walimu hakukuwa na mtu. Alitazama karatasi ya Kimya, na roho ikamuuma. Ilikuwa mbele ya yake kwa visanduku sita. Namba zake ndogo zilikuwa safi, zimejipanga, na zile zilizokataliwa zilikuwa zimepigwa kimstari chembamba. Katikati palikuwa na kisanduku chenye nne na tisa.

Tuseme ukweli, hakupanga. Lakini raba ilikuwa mkononi, na mkono ukaenda. Sugua, sugua, puliza. Nne ndogo ikatoweka, tisa ikabaki peke yake kama mwenye nyumba.

Ijumaa Kimya alikaa, akaiona ile tisa iliyobaki peke yake, akaandika tisa kubwa. Hakuwa na sababu ya kushuku mwandiko wake mwenyewe. Na kosa la sudoku halipigi kelele hapohapo. Alijaza visanduku kumi na viwili vizuri kabisa, mbio, mpaka alipofika safu ya mwisho akakuta tatu mbili zinatazamana. Penseli alimwona akiiweka penseli yake mezani. Dakika ishirini baadaye Penseli mwenyewe alimaliza, bila kosa hata moja. Darasa likapiga makofi. Alisubiri furaha imjie, lakini haikuja.

Nyumbani baba alimkumbatia na kuahidi kupiga pasi shati lake jeupe. Halafu akamwona Kimya kwenye kona, karatasi yake imekunjwa mapajani.

"Nimekosea wapi, Baba mkubwa?" aliuliza Kimya.

"Hatujui. Lete tutafute."

Hapo ndipo mambo yalipomgeukia Penseli. Kila jioni baba aliketi na Kimya kwenye meza ile wakirudi nyuma, namba moja baada ya nyingine, kulisaka kosa. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Mshindi alikaa jikoni akimenya vitunguu na mama, machozi yakimtoka, na hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana ni vitunguu.

Jumatano walifika kwenye tisa.

"Hii ndiyo," alisema baba. "Hapa nne inawezekana vilevile. Mbona hukuiandika?"

"Niliiandika," alisema Kimya. Kisha akasita. "Au labda sikuiandika. Sijui tena."

"Hapa pamefutwa."

"Mimi sifuti, Baba mkubwa. Sina raba. Napiga mstari tu."

Baba aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Penye kisanduku kile palikuwa na alama hafifu ya waridi. Aliitazama kwa muda, akaikunja taratibu, akasema, "Haya, kwa leo inatosha." Jikoni, kisu cha Penseli kilikuwa kimesimama juu ya kitunguu.

Jumamosi baba alimwambia, "Penseli, leo twende wote kazini. Nahitaji mtu wa kunishikia uzi wa kunyooshea vigae."

Ilikuwa nyumba mpya, haijapakwa rangi. Jikoni kwake sakafu ilikuwa imejaa vigae vyeupe, vinang'aa. Penseli aliona imekamilika. Lakini baba alichukua nyundo na patasi, akapiga magoti, na kuanza kuving'oa.

"Baba! Si vizuri tu?"

"Njoo huku ukutani." Alimwonyesha safu ya mwisho. Upande mmoja kigae kiliingia vizuri. Upande wa pili palibaki mwanya wa kupitisha vidole viwili. "Alhamisi nilikuwa na mawazo mengi. Kigae cha kwanza, kule mlangoni, kilikaa upande kidogo, unene wa ukucha. Nikakiona. Nikasema, nani atajua? Nikaendelea. Sasa tazama."

"Kwa hiyo unang'oa vyote?"

"Vyote mpaka kile cha kwanza."

Alirudi kugonga, hakumtazama. Kigae kilipasuka, kikafuata kingine. Penseli aliuachia uzi.

"Baba," alisema, "ni mimi niliyeifuta ile nne."

Nyundo ikatulia.

"Najua, mama. Raba ya waridi nyumbani kwetu ni moja."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nikusikie wewe." Baba alikaa chini, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. "Sasa niambie kwa nini."

Maneno yalimtoka yote kwa pamoja, na kilio juu yake. "Namwonea wivu! Ulimpa kiti changu. Ulimwambia amekuacha njiani. Mimi nimekaa na wewe miaka yote, na hujawahi kuniambia hivyo hata siku moja!"

Baba aliiweka nyundo kando. "La kiti, nimekosa," alisema. "Nilimwona mtoto aliye mbali na mama yake, sikukuona wewe uliyesimama nyuma yangu. Ungeniambia ningesikia. Lakini wewe uliumia, ukaenda kumuumiza mtu ambaye hajakukosea. Hilo ni lako, na mimi siwezi kukung'olea."

Jioni ile Penseli alimkuta Kimya uani anaanua nguo, akamwambia kila kitu bila kupunguza. Kimya alishika kanga kavu kifuani, akatazama chini.

"Wiki nzima nilidhani akili yangu imeharibika," alisema. "Nimemwandikia mama kwamba hesabu zimenishinda. Barua ameshaipata, dada."

Hakusema amesamehe. Alichukua kapu la nguo akaingia ndani, na Penseli akabaki na kamba tupu.

Jumatatu viatu vya mwalimu vililia kwii-kwii mpaka mlangoni na kukoma. Alimsikiliza Penseli mpaka mwisho, akanyoosha mkono, na Penseli akaifungua mwenyewe beji ya kiranja na kuiweka kwenye kiganja chake. "Kusema umesema, na nimeheshimu hilo," alisema mwalimu. "Lakini karatasi za wenzako hutazibeba tena mwaka huu. Atakayekwenda ni ndugu yako."

Siku ya mashindano baba aliweka mwiko chini, akavaa shati lililopigwa pasi. Penseli naye alikwenda. Alipomwona baba mstari wa mbele akimpungia Kimya mkono, wivu ulimrudia vilevile, maana haufi kwa siku moja. Alijikaza akapunga na yeye. Kimya alimaliza wa tatu kati ya shule kumi na nne. Alipotoka aliwatazama wote wawili, akamwambia Penseli, "Dada, lile fumbo la mwisho lilikuwa na mapacha yako. Nilichelewa kuyaona. Utanifundisha kuyatafuta?"

Jumapili iliyofuata baba hakutandaza gazeti kwanza. Alishika meza upande mmoja, akaikokota ikatoka ukutani, akaingiza kiti cha tatu upande uliokuwa umezibwa.

"Miaka yote hiyo imekaa ukutani," mama alisema akicheka, "na fundi wa nyumba hii hakuona?"

"Fundi hupima nyumba za watu," alijibu baba. Kisha akawageukia mabinti, na sauti yake ikawa ya utaratibu. "Sikilizeni. Mtu akikushinda jambo, huyo ndiye wa kujifunza kwake. Na wivu ukikuingia, useme ungali mdogo. Ukiuficha utakutuma kazi, na kazi yake utaijutia. Kosa nalo ukilifuta gizani, litakungoja ukutani. Liacheni lionekane, ndipo linaporekebishika."

Wakainama wote watatu juu ya gazeti. Penseli, kwa haraka ya kutangulia, aliandika sita kubwa.

"Dada," alisema Kimya, "hiyo sita hapana. Ipo chini hapa."

Mkono wa Penseli ulikwenda kwenye raba. Akaigusa, akaiacha ilipo. Alipiga mstari mwembamba juu ya sita yake, wote wakiiona, kisha akamsogezea Kimya gazeti.