Waya wa Daktari Lwitiko

Kila alasiri Atuganile alipotoka shule alipitia kwenye vichanja vya kukaushia kahawa pale Iyula, akamsaidia mama yake kuchambua punje mbovu. Ni kazi ya kusimama kutwa nzima. Miaka mingi ya kusimama ilikuwa imemwachia mama mishipa iliyovimba na kujipinda kwenye mguu wa kushoto, na sasa kidonda juu ya kifundo kilikuwa kimekataa kupona. Barua ya rufaa ilisema apasuliwe Jumatano. Daktari bingwa alikuja wilayani mara moja tu kwa miezi mitatu.

"Wanaingiza waya mguuni, wanauvuta mshipa wote nje!" alisema Mama Witness, jirani yao. "Sasa damu itapita wapi?"

Swali lile lilimvuruga Atuganile. Darasani alifundishwa kuwa mishipa hiyo, vena, hurudisha damu kwenye moyo. Ikitolewa, je? Akili ikamtuma vibaya. Usiku ule aliifukia barua ndani ya debe la mahindi.

Jumatano asubuhi mama alipekua nyumba nzima, gari la kwenda hospitalini likipiga honi barabarani.

"Atu, hujaiona barua?"

"Sijaiona, mama."

Mama akakaa kitandani akalia. Kitambaa cha kidonda kilikuwa kimelowa damu. Atuganile hakujielewa. Alitaka kumwokoa mama, mbona anamliza? Akalikimbilia debe.

"Nisamehe, mama. Niliificha. Niliogopa."

"Panda gari," mama alisema, akijifuta machozi. "Hasira nitazimalizia huko."

Hospitalini, Atuganile alimwamkia yule bingwa, Daktari Lwitiko, kisha akauliza, "Ukitoa vena, damu itapita wapi?"

Daktari akatoa kabatini vifaa vya kufundishia: waya mrefu laini wenye kichwa kama punje ya kahawa, na kindoano chembamba.

"Mfereji wa shambani ukibomoka, mnafanyaje?"

"Tunauziba. Maji yanapita kwenye mwingine."

"Basi ndivyo. Vena kubwa ziko ndani ya mguu, nimezipima, ni nzima. Huu mshipa wa juu vali zake, vilango vya kuzuia damu isirudi chini, zimekufa, damu inashuka badala ya kupanda. Nikishampa ganzi, nakata kidogo kwenye kinena, naufunga mshipa, napitisha waya ndani yake mpaka chini ya goti, kisha nauvuta. Vijimshipa vilivyobaki navitoa kwa kindoano hiki."

Jioni mama alitembea wodini, mguu umefungwa bendeji, mkono begani kwa binti yake. Atuganile alitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

"Kutoelewa si kosa," Daktari Lwitiko alimwambia, maana mama alishamsimulia habari ya barua. "Kosa ni kuficha na kudanganya. Ungeuliza mapema, mama asingelia leo. Na wewe mama, usisimame tena kutwa nzima."

"Umesikia, Atu?" mama akasema. "Zile hasira zangu nimezikumbuka. Kahawa utachambua wewe, mimi nitakuwa kwenye kiti nakusimamia."

Tangu azaliwe, Atuganile hakuwahi kumwona mama yake akifanya kazi amekaa. Walipofika nyumbani, kitu cha kwanza alichobeba kwenda kwenye vichanja kilikuwa kiti.