Pikapu za Papa Vital

Elphas alikuwa na mdomo, jamani. Kule Lewisville, Marekani, kwenye majengo yale ambayo Wakenya na Wakongo wanagombania mashine za kufulia, hakuna aliyesalimika. Na mdomo huo huo ndio uliokuwa ukimlisha. Alikuwa mkalimani wa simu: daktari anasema Kiingereza, mgonjwa anasema Kiswahili, yeye yuko katikati, ametulia kitini kwake na vifaa vya masikioni. Simu ikikatika tu, anamgeukia mkewe.

"Jedidah, umesikia Kiswahili hicho cha Wakongo? Aibu tupu!"

Bure kabisa, mtu huyo.

Jumamosi moja, saa tisa mchana, jua la Texas likichoma mpaka lami inanata, Mama Rosette akabisha hodi. Huyo ni mjane wa Papa Vital, aliyekuwa akipiga gitaa la besi kanisani mpaka presha ikamchukua. Besi ya Elphas, aliyeshika nafasi yake kanisani, ilikuwa imevunjika shingo, na Jumapili ya wiki iliyofuata makanisa yalikuwa yakutane Houston. Mchungaji alimwomba mjane awaazime la marehemu. Akalileta mwenyewe, limefungwa kwenye kitenge.

"Frère Elphas, ndugu yangu, piga tu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini usisemee juu yake. Inakamataka sauti. Bwana yangu alikuwa anaifunikaka hivi hivi."

Akamweleza kuhusu pikapu zake, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, zinazokaa chini ya nyuzi na kunasa mlio. Papa Vital alizisuka kwa mkono akiwa kambi ya wakimbizi, kwa waya wa mota mbovu. Tangu azikwe, ukipiga noti moja ndefu, mwishoni unamsikia akikohoa. Kila Jumapili baada ya ibada, Mama Rosette huchomeka besi nyumbani, hugusa uzi mmoja, husikiliza.

"Ni ile tu ilinibakilia," alisema.

"Hakuna shida, mama," Elphas akajibu. Mlango ulipofungwa, alicheka mpaka akashika mbavu.

Dakika kumi hazikupita, yuko kwenye simu anatafuta pikapu mpya. Gitaa si lake, lakini anatafuta! Za sumaku ya kauri akasema ni za watoto wapenda kelele. Za koili moja akasema zinavuma, friji zina nafuu. Mwishowe akaagiza za koili mbili, zilizochovywa kwenye nta ili zitulie.

"Si umeazimwa?" Jedidah akauliza.

"Nitamwambia za mume wake zilikufa."

Na kweli, akazifungua, akazipima kwa mita. Pikapu nzima ingeonyesha hata ohm elfu saba. Hizi hazikuonyesha kitu. Waya ulikuwa umekatika ndani, kwenye zote mbili. Kitu kilichokatika hivyo hakilii, fundi redio yeyote atakwambia. Elphas akachomeka besi ili amwonyeshe mkewe ukimya wake, akagusa uzi.

Spika ikanguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Mlio ukafifia. Kisha mtu akakohoa.

"Elphas," Jedidah akanong'ona. "Zima."

"Wacha ushamba! Hazikuchovywa nta, basi. Pikapu ya hivyo inadaka sauti yoyote, kama maikrofoni. Ngoja uone."

Akainama mpaka midomo ikakaribia kugusa nyuzi. Akapaza sauti.

"Takataka ya Wakongo! Mfu wenu hakujua kupiga, mjane wake hajui kusema!"

Spika ikayarudisha maneno yote. Elphas akatabasamu. Kisha spika ikarudia. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Ikarudia tena, polepole, neno moja moja. Jedidah akachomoa waya ukutani.

Mwenye akili angelirudisha gitaa jioni ile ile. Yeye? Aliogopa, lakini kiburi kilimzidi. Jumatano pikapu mpya zikafika, akazilehemu, zile za zamani akazitupa kwenye pipa la taka. Alhamisi asubuhi akasimama dirishani akalitazama gari la taka likizimeza. Mjane wa watu hata hakupigiwa simu.

Saa tatu akakaa kazini. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Bukavu. Daktari akauliza swali. Elphas akafungua mdomo. Kimya. Akajaribu tena. Ikatoka hewa tu. Halafu kikohozi. Si chake. Kizito, cha taratibu, cha mtu mzima.

"Ni nani uyu anakohoa?" mgonjwa akanong'ona.

Bingwa wa koo alichungulia akasema koo ni zima kabisa. Kazini wakamwambia apumzike mpaka sauti irudi. Angebaki nyumbani basi! Lakini amwachie Mkongo besi mbele ya makanisa kumi na moja? Thubutu. Akamwandikia mchungaji kwamba mikono yake haina ugonjwa.

Jumapili, saa tano asubuhi, ukumbi wa Sharpstown, kule Houston, ulikuwa umejaa. Mama Rosette alikaa mbele kabisa, ubavuni mwa spika, kitenge mapajani. Elphas akapiga noti ya kwanza. Safi. Akaiacha ife yenyewe.

"Takataka ya Wakongo," spika ikasema.

Sauti ya Elphas. Lafudhi yake. Dharau yake yote.

"Mfu wenu hakujua kupiga. Mjane wake hajui kusema."

Watu wote waliuona mdomo wake umefungwa. Fundi wa mitambo akachomoa waya wa besi. Spika ikaendelea. Akazima umeme wa jukwaa. Ikaendelea. Ilisema mara saba, kisha ikanyamaza.

Mama Rosette akapanda jukwaani. Hakulia.

"Frère, bwana yangu ulimuweka wapi?"

Elphas alitaka kuomba msamaha, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akafungua mdomo. Kikatoka kikohozi, kizito, cha taratibu. Mama Rosette akafumba macho.

"Aa," akasema. "Kumbe uko huku."

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Sauti ya Elphas haijarudi, kazi wamempa mwingine, naye hatoki tena kitandani. Kila Jumapili baada ya ibada Mama Rosette anapanda ngazi, anavuta kiti karibu na kitanda, anamgusa bega kwa kidole kimoja, kisha anasikiliza. Elphas anakohoa. Machozi yanamtoka, lakini mama wa watu hayaangalii hayo. Amekuja kumsikiliza mumewe.

Akitosheka, anamfunika kwa kitenge kuanzia kichwani, anamsogelea Jedidah sikioni.

"Usisemee juu yake. Inakamataka."

Jedidah husubiri mpaka nyayo ziishe ngazini, ndipo akifunue kile kitenge. Juu ya mto, karibu na midomo ya mumewe, hukuta vipande vya waya wa shaba, vyembamba kuliko unywele, vyote vimekatika.