Kabati Lisilohitaji Hodi

Nerima huuza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, katika soko la Busia, upande wa Uganda. Jumanne na Ijumaa huondoka mapema kwenda Majanji, ufukweni mwa ziwa, hununua gunia moja au mawili, na kurudi kabla jua halijawa kali. Mume wake, Oboth, ni seremala. Alitoka Paya akiwa kijana, na mali yake yote ilikuwa randa moja. Sasa ana karakana ndogo uani, nyuma ya ua wa michongoma. Watu wanaopita barabarani hawamwoni, lakini husikia msumeno wake.

"Fundi, kitanda changu kimefika wapi?" huuliza.

"Kinakauka!" hujibu Oboth, hata kama mbao bado hazijakatwa.

Nyumba ya tatu kutoka kwao anaishi Lillian. Lillian hufua nguo za watu. Ana watoto wawili. Mume wake alikwenda Juba kutafuta kazi, na tangu Pasaka hajapiga simu.

Siku moja Nerima alimpelekea Lillian unga wa mahindi wa kupikia posho, umejaa sahani. Lillian alishukuru sana. Kesho yake akarudisha sahani. Huku kwetu sahani hairudi tupu. Lillian alikuwa ameweka juu yake ndizi sita.

Patience, binti wa Nerima na Oboth, wa darasa la saba, alizitazama zile ndizi.

"Mama, hizi niliziona jikoni kwake jana. Zilikuwa hizi tu. Sasa watoto wake watakula nini?"

Nerima alikaa na sahani mapajani. Alikuwa ametoa, na kumbe alikuwa amechukua. Mtu anawezaje kutoa bila sahani? Swali hilo lilimsumbua siku nzima sokoni, hadi akakosea kumrudishia mteja chenji.

Jioni alimuuliza Patience. Patience alifikiri kidogo.

"Shuleni tuna sanduku la vitabu," alisema. "Ukimaliza kitabu unakiacha pale, unachukua kingine. Hakuna anayeandika jina. Chakula hakiwezi kuwa hivyo?"

Oboth aliinua kichwa. "Nina mbao za mlango wa zamani," alisema.

Kwa siku nne alipiga randa. Alitengeneza kabati la rafu mbili, lenye paa dogo la bati na miguu mirefu. Rafu ya juu ilikuwa ya vitabu. Rafu ya chini ilikuwa ya chakula. Walilisimamisha nje ya michongoma, karibu kabisa na barabara, mahali ambapo kila mtu angeliona. Patience aliandika mlangoni kwa rangi ya bluu: BURE. HAKUNA KUULIZA.

Wiki ya kwanza watu walilizunguka kwa mbali. Wiki ya pili mambo yakaanza. Dereva mmoja wa lori aliacha kilo mbili za mchele na gazeti la Kenya. Kitabu cha kufuga sungura kilipotea, kisha kikarudi kikiwa na majani makavu katikati ya kurasa. Chumvi ilikuja, sabuni ikaondoka. Patience alikuwa akifungua kabati kila jioni kwa hamu, kama mtu anayefungua barua.

Na unga ulikuwa ukiondoka mchana, wakati jua liko kichwani na watu wamo ndani. Nerima hakutaka kujua ni nani. Lakini siku mbili mfululizo aliona moshi jikoni kwa Lillian saa saba, naye akajua. Sahani haikupita mikononi mwa mtu. Hakuna ndizi zilizorudi.

Kisha, Jumatatu moja, Nerima alirudi kutoka sokoni akakuta jirani yake Sowedi amesimama mbele ya kabati. Sowedi huuza matairi ng'ambo ya barabara, na ulimi wake haupumziki.

"Baba Patience!" alikuwa akiita kwa sauti. "Toka uone! Kabati lako limesahihishwa. Mwalimu amesema ni kosa!"

Mlangoni, juu ya maandishi ya bluu, kulikuwa na alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu. Chini yake kulikuwa na karatasi ya manispaa. Patience aliisoma. Kitu hiki kimewekwa katika hifadhi ya barabara bila kibali. Kiondolewe ndani ya siku kumi na nne.

"Hifadhi ya barabara ni nini?" aliuliza Nerima.

"Ni kutuonea tu," alisema Oboth. "Tunaliingiza ndani ya ua, imekwisha."

"Ndani ya ua wetu?"

"Eeh. Nani atatusumbua humo?"

"Hakuna atakayetusumbua," alisema Nerima. "Na hakuna atakayekuja. Mtu akipita langoni lazima apige hodi. Nitamkaribisha kiti. Atauliza habari za nyumbani. Nitachemsha chai. Baada ya hapo atasemaje kwamba amekuja kuchukua unga?"

Oboth aliweka nyundo chini. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Twende tuwaulize wenyewe wa manispaa," alisema Nerima.

"Wewe! Ukiwaita wale, watakuja na tepu. Watapima mpaka jikoni. Michongoma hii niliipanda kwa mikono yangu, mwaka wa kumi na moja huu. Waache walale."

"Siku kumi na nne, Baba Patience."

Oboth aliokota nyundo, akarudi karakanani. Nerima hakumlazimisha. Lakini asubuhi alifunga kitambaa chake kizuri, akaenda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, Mzee Ojangole. Mzee alimwandikia barua ya utambulisho, akaipiga muhuri.

"Peleka kwa afisa mipango wa mji," alisema. "Usiogope. Wengi wanakuja kwangu baada ya kubomolewa. Wewe umekuja kabla."

Afisa mipango alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Zulaika, mwenyeji wa Tororo. Alisoma barua, akauliza swali moja: "Hilo kabati linauza nini?"

"Haliuzi kitu, nyabo," alijibu Nerima kwa heshima.

"Haliuzi?" Zulaika aliweka kalamu mezani. "Basi nataka kuliona."

Alikuja Alhamisi. Oboth alimpokea kwa heshima, lakini macho yake yalikuwa kwenye tepu. Zulaika hakuanza na kabati. Alingoja magari yapite, akaenda katikati ya barabara, akaweka mguu wake pale.

"Patience, shika mwisho huu," alisema. "Watu wengi hupima kuanzia ukingo wa lami. Hilo ndilo kosa. Tunapima kuanzia katikati."

"Kwa nini?" aliuliza Patience.

"Kwa sababu ukingo hubadilika. Mvua inaula, au lami inaongezwa. Katikati hubaki palepale, mpaka barabara yenyewe ichorwe upya. Kutoka hapa, kila upande, kuna ardhi ambayo si yangu wala si ya baba yako. Ni ya watu wote. Ndiyo hifadhi ya barabara."

"Lakini ipo tu! Haina kazi," alisema Oboth.

"Ina kazi nyingi, mzee. Mabomba ya maji hupita humo. Mitaro pia. Watoto wanatembea humo kwenda shule. Na lori likikatika breki linakimbilia wapi?"

Sowedi, aliyekuwa amevuka ili asikose kitu, aliguna. "Mwaka juzi moja lilikimbilia kwenye matairi yangu."

"Basi wewe unaweza kufundisha," alisema Zulaika.

"Upana wake ni mita ngapi?" aliuliza Nerima.

"Kila barabara ina kipimo chake. Hii kubwa ni tofauti na ile ya nyuma ya kanisa. Ndiyo maana huwezi kumuuliza jirani. Uliza ofisini, nasi tutaangalia kwenye ramani. Kule ng'ambo ya mpaka, Kenya, wana sheria zao na ofisi zao. Lakini jambo ni lilelile. Uliza kwanza, jenga baadaye."

Walitembea na tepu. Walilipita kabati. Tepu ikaendelea. Ikafika kwenye michongoma, ikaingia ndani yake. Zulaika alichomeka kijiti upande wa pili, uani.

Michongoma yote ilikuwa katika hifadhi ya barabara, kwa mita moja na nusu.

Oboth aliugusa mti mmoja, ukamchoma kidole.

"Nilikwambia," alimwambia Nerima polepole.

Nerima aliona aibu. Alitaka kusema samahani, lakini Zulaika alianza kuzungumza kwanza.

"Mzee, sikuja kukata ua wako leo. Lakini ukweli sasa tunaujua. Siku barabara ikipanuliwa, ungeamka na tingatinga langoni. Afadhali mkono wako mwenyewe, kwa wakati wako." Kisha akageuka. "Mama, niambie. Kwa nini kabati lisiwe uani?"

Nerima alimweleza habari ya hodi na chai. Alieleza hata ya sahani na ndizi sita, bila kutaja jina. Zulaika alisikiliza. Kisha alichuchumaa, akachora mchangani kwa kijiti.

"Huu ni mpaka wa kiwanja chenu. Ua mpya unakuja hapa. Hapa katikati ya ua, acha pengo dogo. Kabati linakaa ndani ya pengo. Miguu yake yote iko kwenye ardhi yenu. Uso wake unatazama nje. Mtu haingii kwenu, na nyinyi hamko barabarani."

Oboth aliinama kuuangalia mchoro. Seremala ndani yake aliamka.

"Mlango utafunguka kuelekea nje?"

"Wewe unaonaje?"

Aliwaza. "Ukifunguka nje utaingia kwenye njia ya watu. Mtoto akipita atapigwa nao usoni." Alitikisa kichwa. "Hapana. Nitaweka mlango wa kuteleza. Unasukumwa pembeni, hautoki nje hata inchi moja."

"Huo ndio mtakaouchora kwenye fomu," alisema Zulaika. "Leteni mchoro na barua ya mwenyekiti. Kamati ya mipango itaangalia. Jambo moja zaidi: chakula kilichopikwa kisiwekwe, wala dawa. Wekeni vitu vikavu, vilivyofungwa, na msome tarehe. Sabuni ikae mbali na unga."

Kamati ilichukua wiki tatu. Wiki hizo kabati lilikaa karakanani, limefunikwa gunia. Hizo ndizo zilizokuwa siku ngumu. Mchana mmoja Nerima alimwona Lillian akipita barabarani na beseni la nguo kichwani. Alipofika mahali kabati lilipokuwa, alipunguza mwendo. Akatazama mashimo manne yaliyoachwa na miguu ya kabati. Kisha akaendelea na safari. Jikoni kwake hapakuwa na moshi.

Nerima alitaka kumpelekea unga. Akashika sahani, akairudisha. Akaishika tena. Mwishowe akamwambia Oboth, "Kata michongoma."

"Barua ya kibali bado haijatoka."

"Ua uko kwenye hifadhi, barua iwepo au isiwepo. Kata, ili siku ikitoka tusingoje hata saa moja."

Oboth alikata. Ilimchukua siku mbili na mikwaruzo mingi. Sowedi alikuja kucheka, akaishia kushika panga. Walipanda miche mipya ya michongoma kwenye mstari wa kijiti, wakaacha pengo.

Kibali kilitoka Jumatano. Kabati likasimama jioni hiyohiyo. Oboth alikuwa amepiga randa juu ya ile X hadi ikafutika, na Patience aliandika upya maneno yake ya bluu.

Mambo yalirudi taratibu. Madereva waliacha mchele. Kitabu cha sungura kilipotea tena. Sasa njia ilikuwa pana, na watoto wa shule walipita mbali na magari. Mtu wa kwanza kuuliza habari za kibali alikuwa Sowedi, aliyetaka kujua kibanda chake kiko mita ngapi kutoka katikati ya barabara. Oboth alivuka na tepu yake mwenyewe, akampimia bila kumcheka, au alicheka kidogo tu.

Jumamosi, saa saba mchana, Nerima alitoka jikoni na beseni la maji ya kuoshea mukene. Humwaga maji hayo kwenye miche ya michongoma. Miche bado ni mifupi. Kupitia juu yake aliona mtu amesimama kwenye kabati.

Alikuwa Lillian. Pakiti ya unga ilikuwa chini, karibu na miguu yake. Alikuwa ameshachukua alichokuja kuchukua, lakini hakuwa akikimbia. Alikuwa ameshika kitabu, amekifungua katikati, anasoma. Midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo. Alifungua ukurasa mwingine.

Nerima alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Akazunguka nyumba, akamwaga maji yake upande wa pili.