Paswadi ya Chemutai

Mukami hakuwa amebonyeza hata herufi moja, na tayari kisanduku cha kutafutia kilikuwa kimejiandika: malaria kwa wajawazito. Ndiyo mada yake hasa. Akacheka, akasema kompyuta za chuo hiki cha uuguzi hapa Kitale zimezeeka, zinakumbuka kazi za wengine.

Mimba yake ilikuwa imekomaa, na mwalimu alitaka makala za utafiti zilizokaguliwa na wataalamu, si za kuokoteza mtandaoni. Paswadi ya chuo ya kufungulia makala hizo ilikuwa imeisha muda. Bwana Kagwe wa maktaba alimpa ya mwanafunzi mwingine, Chemutai, akanong'ona, "Ukimaliza, toka kabisa. Usiiache wazi."

"Na huyu mwenyewe hataitaka?"

"Alifariki mwaka jana, leba. Yeye na mtoto." Kagwe aliangalia kando. "Lakini bado inafungua. Si utumie tu, bana?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mukami aliinama na tumbo lake lote. Makala zilikuja kabla hajaziomba, nzuri ajabu, za mwaka ule ule aliotaka. Alifurahi. Ole wake, alifurahi.

Mchana ule mvua ikafunga, stima ikapotea, kompyuta zote zikazimika isipokuwa yake, na katika mwanga ule mdogo akasikia chini ya meza mtu akihema kwa vipindi, kama mwanamke anayesukuma, na harufu ya Dettol na damu ikapanda mpaka kooni, na maneno yakaanza kujipanga kwenye kisanduku, polepole, herufi kwa herufi: Nimekutafutia zote. Nami nitafutie pa kuzaliwa.

Mtoto akageuka tumboni kwa nguvu. Mukami akakimbia. Hakukumbuka kutoka kwenye akaunti.

Alijifungulia Kamukuywa, kwa wazazi wa mumewe, Khaemba. Msichana, mzima, lakini alilia tangu alipotoka, akakataa titi. Akina mama wa kanisa wakaomba, akalia. Jioni sauti ikaanza kukauka na midomo ikapoteza rangi.

"Analilia jina," mama Khaemba akasema, akimpakata. "Kuna mtu wetu anataka kurudi. Tumwite."

Akawaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja: shangazi, nyanya, hata dada aliyekufa mdogo. Mtoto alizidi kulia. Mukami aligeukia ukutani, ameuma shuka. Jina alilijua. Aliapa halitatoka kinywani mwake, kwa sababu huyo hakuwa wao, na akishaitwa amekaribishwa.

"Mukami," Khaemba akasema, "mtoto anatuacha."

Kilio kikakatika, kikarudi kidogo, kikakatika tena. Mama ni mama. Mukami akamchukua mwanawe, akaweka midomo sikioni mwake.

"Chemutai."

Kimya. Mtoto akashusha pumzi ndefu, akashika titi, akanyonya. Harufu ya Dettol ikajaa chumbani, ingawa hakukuwa na tone la Dettol nyumba nzima.

"Chemutai?" mama Khaemba akauliza kwa sauti ya chini. "Huyo ni wa nani kwetu?"

Mukami alikuwa anaangalia mkono mdogo juu ya ziwa lake. Vidole vilikuwa vinabonyeza, kimoja kimoja, bila haraka, kama vya mtu anayetafuta herufi.