Salama ya Kwanza

"Simel, wewe ni mwongo," Nzula alisema kwenye simu, tena kwa sauti ya chini. Hapo ndipo ungejua amekasirika kweli.

"Nimedanganya nini?"

"Asubuhi nimekuuliza kwenu kuko aje baada ya mvua. Ukaniambia salama. Sasa naona kwa status ya dada yako mto umebeba boma lenu na ng'ombe."

"Ni kweli."

"Ni kweli, na ukasema salama?"

"Nilisema salama. Halafu ukakata simu."

Jameni, Nzula alikuwa na haki ya kuwaka. Miezi mingi alikuwa amejifungia kwa chumba kimoja juu ya agrovet, duka la dawa za mifugo, hapa Kitengela, akifufua programu ya zamani ya kukusanya habari za maafa. Ilikuwa ya bure, iliyoandikwa na watu wa nchi nyingi, kisha wakaiacha ikafa. Yeye akaiokota mtandaoni. Simel, mpenzi wake wa huko ndani Kajiado, ndiye aliyezunguka boma kwa boma akiandikisha namba za simu. Mvua ikipiga, programu inawatumia watu ujumbe, wanajibu, na ramani inaonyesha nani aokolewe kwanza.

Sasa mvua imepiga na ramani yote ni kijani. Eti kila mtu yuko salama. Watu wa uokoaji wamekaa tu na magari yao.

"Hata watu wako wote wamenidanganya," Nzula akasema. "Mimi siwezi kuolewa na mtu wa kunificha shida. Afadhali tuachane mapema."

Simel akamwuliza swali moja.

"Kwa ujumbe uliwauliza nini?"

"'Supa. Hali iko aje hapo?'"

"Hiyo ni salamu, Nzula. Kwetu Wamaasai salamu inajibiwa salama, hata kama umetoka kuzika. Mkishatulia, mwenzako anakuuliza, na habari zingine? Hapo ndipo unamwambia ng'ombe wamekufa. Programu yako inachukua salama ya kwanza, inafunga mlango. Kama wewe tu."

Hilo la mwisho lilimchoma, lakini alikuwa ameshavuta kompyuta. Uzuri wa programu iliyo wazi kwa yeyote kuibadilisha ni huo, hakuna mkubwa wa kuombwa ruhusa. Akaongeza swali la pili, akalituma kwa kila namba: "Na habari zingine?"

Chai ikapoa mbele yake. Kisha jibu moja likaingia.

"Daraja limeenda. Tuko na wazee na watoto juu ya paa la shule."

Lingine: "Mke wangu ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Hakuna njia."

Yakafuatana. Ramani ikageuka nyekundu, alama kwa alama, na magari ya uokoaji yakaondoka. Nzula alisimama mkono mdomoni. Watu hawa walikuwa wamebeba shida zao tangu asubuhi, kwa adabu, wakingoja tu waulizwe tena. Alishikwa na woga wa heshima, kama wa mtu aliyeingia kanisani akajikuta peke yake.

Jioni, mmoja wa walioiandika programu hiyo mwanzoni, mtu wa mbali asiyemjua, aliona mabadiliko hayo mtandaoni, akamwandikia: "Nilidhani ilishakufa. Sikuwahi kufikiria inafaa kuuliza mara mbili."

Halafu Simel akapiga.

"Supa, Nzula."

"Ipa. Kwenu kuko aje?"

"Salama."

Safari hii Nzula hakukata. Alivuta kiti akakaa.

"Na habari zingine?"

"Mama ameumia mguu, lakini anaongea. Ng'ombe wameenda wote, amebaki ndama mmoja. Wale ndio nilikuwa nimeweka wa kuleta kwenu kwa mahari. Asubuhi nilitaka kukuambia. Niliogopa."

Nzula alilia bila kujificha.

"Pole, mpenzi wangu."

"Na wewe uko aje?"

"Niko salama."

Simel hakuharakisha. Alingoja mpaka kwikwi zikaisha.

"Na habari zingine?"

"Leta huyo ndama," Nzula akasema. "Wazee wetu nitaongea nao mimi."