Laini ya Simu Haikuwa Yangu

Nina miaka arobaini na miwili. Nasuka nywele hapa Durban, mtaa wa Point, karibu na bandari, na ukinikuta saluni nikitaniana na wateja huwezi kudhani nina jambo. Wengine husema nimejaliwa moyo mgumu. Si mgumu, ndugu zangu... umekufa ganzi tu. Hata haya nayaandika bila chozi, na wala sijikazi.

Kwetu ni Uvira, Kongo. Mume wangu alipofariki nilimwacha binti yangu wa pekee, Furaha, kwa mama yangu mzazi. Alikuwa na miaka saba. Nilimwambia naenda kutafuta maisha, nikipata kidogo nitamchukua. Mzazi gani aliyeondoka hajasema hivyo?

Hapa nilikuta wanawake wa Kongo na Burundi wenye chama cha kuweka na kukopa. Benki hazikutaka karatasi zetu za ukimbizi, kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada tulikutana chumbani kwa mmoja wetu, tukaweka fedha kwenye sanduku la bati. Sheria yetu ilikuwa moja: anayelala na sanduku halali na ufunguo. Sanduku lilikaa kwa Georgette, ufunguo ulikaa kwangu. Miaka yote ile haikupotea hata senti.

Georgette alikuwa nani kwangu? Mrundi huyo ndiye aliyenipokea nilipofika, akanilaza kwenye godoro lake, akanipeleka saluni na kuniombea kazi. Alikuwa ameolewa na mwanamume wa hapa, akapata kitambulisho cha nchi. Nilimwita dada na nilimaanisha. Walionidokeza kwamba ana mkono mrefu niliwaona wachonganishi. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Basi mambo ya benki kwenye simu yakaingia. Watu wakaanza kutuma fedha wakiwa wamekaa kitandani, na sisi bado tunabeba sanduku wakati wezi wamejaa mjini. Georgette akasema tufungue akaunti kwa kitambulisho chake. Wanawake wakaguna. Akaunti ya jina lake, atashindwa nini kula peke yake?

Tukapata dawa. Fedha ikitaka kutoka, benki ilikuwa inatuma kwanza namba ya siri kwenye simu moja, na bila namba hiyo haitoki. Tukaamua kadi na nywila akae nazo Georgette, namba ya siri ije kwenye simu yangu. Sanduku kwake, ufunguo kwangu, kama zamani. Tulijiona wajanja kweli!

Sasa sikilizeni. Wakati huohuo serikali ilikuwa imeagiza kila laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho na uthibitisho wa mahali unapokaa. Karatasi yangu ilikuwa imeisha muda, na foleni ya kuiongeza ilikuwa imenishinda. Georgette akanionea huruma.

"Lete nikuandikishie mu jina langu, Mama Furaha," aliniambia. "Iko kakitu kadogo tu."

Wengi alikuwa amewasaidia hivyo. Nilimshukuru, nikampikia sombe, kisamvu cha kwetu, na samaki. Kati yetu sote hakuna aliyeshtuka. Simu ilikuwa mkononi mwangu, nikadhani na laini ni yangu.

Zamu yangu ya kukopa ilifika. Chama kizima kilikubali kunipa nauli ya Furaha na ya mama mmoja wa kumsindikiza njiani. Mwanangu alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili. Bibi yake akamshonea gauni la safari, mimi nikanunua kitanda cha pili na kukisukuma karibu na changu. Tulipanga Jumatatu niende benki na Georgette.

Ijumaa simu yangu ikakosa mtandao. Nikamfuata Georgette, nikamwonyesha. "Ni network tu, dada," akasema. "Na yangu iko vile vile. Tungoje Monday." Nikangoja. Jumapili akakaa kando yangu, mkono wake begani kwangu, akaongoza maombi ya safari ya mwanangu. Aliomba kwa sauti nzuri... na mimi niliitikia amina.

Jumatatu nilisimama mlangoni mwa benki hadi miguu ikauma. Georgette hakutokea. Nikaenda kwake kule mtaa wa Bluff. Mumewe alikuwa amekaa kwenye ngazi, akasema mkewe ameondoka na mabegi, na kwamba naye hajui alikoelekea. Jioni wanawake wakauliza kupitia mtu wanayemfahamu benki. Akaunti ilikuwa tupu.

Mliwahi kutazamwa na watu mliokula nao sahani moja kama vile mmeingia kwa dirisha? Mama Pascal, ambaye watoto wake niliwasuka bure, ndiye aliyesema. "Namba ya siri iko kwako. Bila weye franga zilitokaje? Mumekula wawili." Niliapa. Niliwaonyesha simu iliyokufa. Nani angeamini?

Nikaenda duka la simu. Msichana wa Kizulu akatazama kompyuta yake, akatikisa kichwa. "Eish, sisi," akasema, yaani dada kwa lugha yao, kisha akanieleza polepole kwa Kiingereza kwamba laini ile haikuwa yangu. Mwenyewe alikuja Ijumaa na kitambulisho, akasema simu imepotea, akapewa kadi mpya ya simu yenye namba ileile. Kwa hiyo namba za siri zote zilikwenda kwake.

Polisi walinisikiliza bila kuandika. Akaunti ni yake, laini ni yake, wakasema, amechukua chake. Nikarudi kwa wanawake na habari hiyo. Walioniamini nao walikasirika: tulikupa ufunguo, kwa nini uliuweka kwenye jina la mwenye sanduku?

Niliamua kumlipa kila mmoja sehemu yake. Hakuna aliyenilazimisha, lakini niliona siwezi kuingia kanisani na kupitia kati ya macho yale. Nikasuka asubuhi, nikasuka jioni, vidole vikavimba. Kitanda cha pili nilikiuza. Furaha nikamwambia mwezi ujao, kisha Krismasi, kisha mwaka ujao. Mwanzoni alilia kila nilipopiga. Baadaye akawa anasema sawa, mama.

Nilipomaliza kulipa nikaanza kutafuta nauli, na mwaka huu nikaipata. Nikampigia. Ana miaka kumi na sita sasa, anauza vitenge sokoni, na bibi yake, anayemwita Koko, hatembei tena. Nilimwambia kila kitu kiko tayari.

"Na Koko, nitamwachia nani?" akauliza. Kisha akasema, taratibu, bila hasira yoyote: "Usikasirike, mama. Weye nilishakuzoea mu simu."

Nikamuuliza kama wamekula. Akasema wamekula.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa mlio ugenini, mimi sipigani na simu wala benki. Wekeni humo, ni salama kuliko bati. Lakini kabla hujaweka, uliza laini ni ya jina la nani, na akaunti ni ya jina la nani. Jina likiwa moja, ondoka, hata kama mwenyewe ni dada yako uliyelala godoroni kwake. Nenda kapange foleni ya karatasi yako hata ikikumaliza.

Na kama kuna mtoto uliyemwahidi kumchukua, nakuomba, mchukue angali analia akisikia sauti yako. Wangu halii tena.